Maswali Yenu: Angani 852, Barabarani 1,150

Toleo lililopita tulitaja, kwa kupita tu, kwamba Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita 852 kwa ndege. Namba hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua zinazowagusa wengi. Zilizofanana tumeziunganisha, na ndefu tumezipunguza.

SWALI: Nani mkweli?
Habari za kazi, wahariri. Nyie mmeandika 852. Makondakta pale Mbezi wanasema 1,150. Simu yangu inasema elfu moja mia moja na ushee, na kila nikibadili sehemu ya kuanzia namba inabadilika. Sisi tunaosafirisha mzigo kwa kilomita tunaumia. Nani mkweli?
*Mfanyabiashara wa vipuri, Kariakoo*

JIBU: Hakuna aliyekudanganya, mkuu. Ile 852 ni mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia, kutoka kiwanja cha ndege cha Julius Nyerere hadi kiwanja cha Mwanza. Haujali mto, mlima wala hifadhi. Ile 1,150 ni lami, nayo tukiijumlisha kipande kwa kipande inakuwa hivi kwa makadirio: Dar hadi Morogoro 190, Morogoro hadi Dodoma 260, Dodoma hadi Singida 240, Singida hadi Nzega 220, Nzega hadi Shinyanga 80, Shinyanga hadi Mwanza 165. Jumla 1,155.

Kilomita 300 za ziada zinatokana na kona kubwa, si vikona vidogo vya milimani. Barabara inaelekea magharibi hadi Dodoma na Manyoni, inapanda kaskazini kwenda Singida, inarudi magharibi kupitia Sekenke, Igunga na Nzega, halafu inapanda tena kwenda Shinyanga. Ndege inazikata zote. Wasafiri wa zamani wanakumbuka mabasi ya Mwanza yaliyozungukia Nairobi na kurudi nchini kwa Sirari, kwa kuwa lami ya katikati ya nchi ilikuwa haijakamilika. Kilomita za basi zilikuwa nyingi zaidi wakati huo, za ndege zilikuwa hizihizi.

Sasa kuhusu simu yako. Ukiandika "Dar es Salaam" tu, programu ya ramani inachagua yenyewe nukta ya kuanzia, kwa kawaida katikati ya jiji. Stendi ya Magufuli iko Mbezi Luis, zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta. Upande wa pili, stendi ya Nyegezi nayo iko nje ya katikati ya Mwanza, upande huohuo basi linakotokea. Kwa hiyo stendi kwa stendi ni pungufu ya katikati kwa katikati kwa kama kilomita 30. Ukiandikiana mkataba wa mzigo, andika geti la ghala kwa geti la ghala, usiandike mji kwa mji.

Kwa abiria ipo njia ya kujua kilomita ambazo serikali imezitumia. Nauli elekezi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hupigwa kwa kilomita. Viwango vilivyoanza Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida, na 67.84 kwa daraja la kati. Kilomita 1,150 kwa kiwango cha kwanza ni kama 55,700. Kwa cha pili ni kama 78,000. Chukua nauli elekezi ya njia yako, igawe kwa kiwango kinachotumika siku hiyo, utapata kilomita walizopigia hesabu. Ukikuta tofauti kubwa na barabara unayoijua, hapo una hoja ya kwenda kuuliza.

SWALI: Mbona saa moja na nusu?
Ndege inakimbia kilomita 800 kwa saa. Kilomita 852 zingekuwa saa moja na dakika nne. Tiketi yangu inasema saa moja na nusu, na ya mwenzangu wa kampuni nyingine inasema karibu saa mbili. Wanatupotezea muda angani?
*Msomaji, Ilemela*

JIBU: Muda wa kwenye tiketi haupimwi kuanzia gurudumu linapoacha ardhi. Unaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na unakwisha inaposimama kwenye maegesho ya pili. Kwa Dar, kutoka maegesho hadi kuruka ni dakika 10 au zaidi asubuhi zenye foleni. Njia kuu ya kurukia pale inaelekea kaskazini-mashariki au kusini-magharibi, ilhali Mwanza iko kaskazini-magharibi. Ndege inayoruka kuelekea baharini inalazimika kugeuka kushoto zaidi ya robo ya duara ndipo ishike njia, na kilomita hizo za mzunguko hazimo kwenye 852.

Halafu hiyo 800 ni mwendo wa juu, ikiwa imeshatulia. Ndege ya jeti hutumia kama dakika 20 kupanda. Kushuka nako kuna hesabu yake: kila futi 1,000 zinahitaji takribani kilomita 5.5 mbele. Kutoka futi 36,000 hizo ni kama kilomita 200. Ukijumlisha kupanda na kushuka, karibu nusu ya safari ya Mwanza ndege haiko kwenye mwendo wake kamili. Dakika 64 za kwenye kikokotoo zinakuwa 85 hadi 90 bila mtu kuzubaa.

Ya mwenzako inaelekea ni ndege ya mapanga, yaani ya propela. ATR 72 hutembea kama kilomita 500 kwa saa. Gawanya 852 kwa 500, utapata dakika 102. Ongeza 15 au 20 za ardhini na za kugeuka, hizo ni saa mbili. Dash 8-400 nayo ina mapanga lakini inafika kama 650, hivyo inaangukia katikati. Kabla ya kulaumu kampuni, tazama aina ya ndege iliyoandikwa kwenye tiketi.

SWALI: Kukokotoa bila intaneti
Nafundisha Jiografia kidato cha tatu. Nataka wanafunzi wapate umbali wa anga wenyewe kwa latitudo na longitudo, bila kompyuta. Kanuni za vitabuni zina sini na kosini nyingi, zinawakimbiza.
*Mwalimu, Tabora*

JIBU: Mwalimu, sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati: tunaweza kuichukulia dunia kama karatasi bapa kwa masafa ya ndani ya ukanda wetu, na kosa likawa dogo sana. Wape kazi hii.

Kiwanja cha Dar: latitudo 6.878 kusini, longitudo 39.203 mashariki. Mwanza: 2.445 kusini, 32.933 mashariki. Watoe latitudo: 4.433. Watoe longitudo: 6.270. Kila moja waizidishe kwa yenyewe: 19.65 na 39.31. Jumla ni 58.96, na kipeo chake cha pili ni 7.68. Nyuzi moja ni kilomita 111.2, hivyo wazidishe: kama 854. Umepata jibu kwa kosa la kilomita mbili tu.

Kilomita hizo mbili zinatokana na mistari ya longitudo kukaribiana kadiri unavyoondoka ikweta. Ukitaka kuzirudisha, kabla ya kuzidisha longitudo kwa yenyewe, izidishe kwanza kwa kosini ya latitudo ya katikati. Hapa ni nyuzi 4.66, kosini yake 0.9967, na jibu linashuka hadi 852. Kwa Cape Town au Cairo usiiache kosini hiyo, utaharibu.

Yapo makosa matatu ambayo utayasahihisha kila mwaka. La kwanza, dakika kuchukuliwa kama desimali. Ramani ikiandika 6°52′, hiyo si 6.52. Gawanya 52 kwa 60, ni 6.87. Kosa hilo peke yake linaleta kilomita 39. La pili, mji mmoja uko kaskazini na mwingine kusini, kama Kampala na Dodoma: hapo latitudo zinajumlishwa, hazitolewi. La tatu ni maili. Maili ya rubani na nahodha ni kilomita 1.852, ambayo ni dakika moja ya nyuzi. Maili ya barabarani ya Wamarekani ni 1.609. Dar hadi Mwanza ni maili 460 za kwanza, au karibu 530 za pili. Mwanafunzi akizichanganya atakuletea mji ulioko ziwani.

SWALI: SGR imerefuka?
Magazeti yaliandika reli ya SGR Dar hadi Morogoro ni kilomita 300. Kwa barabara hazifiki 200. Reli imezungukia wapi?
*Msomaji, Kibaha*

JIBU: Haijazunguka. Njia kuu ni kilomita 205. Zile 95 ni njia za kupishana treni na za stesheni, ambazo mkandarasi anazijenga na kulipwa, ila abiria hazipiti. Kipande cha Morogoro hadi Makutupora ni hivyohivyo: 422 kwenye mkataba, 336 kwenye safari.

SWALI: Dar hadi Mwanza kwa gari dogo
Tunahamia Mwanza kikazi, mimi, mume wangu na watoto. Gari letu lina injini ya 1500, tenki la lita 45. Mume anasema tukitoka alfajiri tunalala Mwanza. Mimi sikubali. Tunaomba hesabu ya muda na ya mafuta.
*Mama Junior, Tegeta*

JIBU: Mama Junior, hesabu iko upande wako. Ukigawa 1,155 kwa 80 unapata saa 14 na nusu, na hapo ndipo kina baba wengi wanapokosea. Vibao vya 50 viko kila penye makazi, na kati ya Chalinze na Morogoro, kisha Gairo, Kibaigwa, na kuanzia Nzega kwenda mbele, makazi ni mengi. Panapokuwa na kibao cha 50 tegemea tochi ya trafiki, na matuta yatakupunguza hata kama tochi haipo. Gari dogo likiendeshwa kwa kufuata sheria linapata wastani wa 65 hadi 70. Hizo ni saa 16 hadi 18 za kuendesha, bila kula wala kujisaidia. Mabasi yenyewe, safari ikizidi saa nane, yanatakiwa kuwa na madereva wawili.

Pa kulala pachagueni Singida, si Dodoma. Wengi hulala Dodoma kwa sababu hoteli ni nyingi, matokeo yake siku ya kwanza wanakwenda kilomita 450 na ya pili wanabaki na 700. Singida inakupa 690 siku ya kwanza mkiwa na nguvu, na 465 siku ya pili, kiasi kwamba mnaingia Mwanza alasiri na kuna mwanga wa kutafuta nyumba. Sharti lake ni moja: kufika saa 11 alfajiri muwe mmeshavuka Kibaha. Mkichelewa mkakutana na malori ya Mlandizi na Chalinze, saa moja na nusu inapotea, nayo itawadai kule mbele gizani baada ya Manyoni.

Mafuta: msitumie namba ya kwenye matangazo ya gari. Jazeni tenki mpaka pampu ikate yenyewe, andikeni kilomita za dashibodi, tembeeni angalau 200, kisha jazeni tena mpaka ikate, gari likiwa limesimama pasipo na mteremko. Gawanyeni kilomita kwa lita za mara ya pili. Tuseme mmepata 12 kwa lita. Kwa 1,155 hizo ni lita 96. Ongezeni asilimia 15 kwa ajili ya mizigo ya juu ya gari, kiyoyozi na mlima Sekenke: lita 110. Tenki la 45 halipaswi kushuka chini ya robo, hivyo kila mara mnatumia kama lita 33, yaani kilomita 340 kwa hesabu hiyo ya gari lililobeba. Jazeni Dar, Gairo, Dodoma, Singida na Nzega. Singida msiipite bila kujaza, hata kama mshale uko juu ya nusu.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi. Gari likiwa na watu watano na mizigo, fuata kiwango cha mzigo kamili kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, nacho kwa kawaida kiko juu ya kile cha kila siku.

SWALI: Dashibodi imekula kilomita
Nimeenda Mwanza, dashibodi imesoma 1,130 badala ya 1,155. Njia ni ileile. Hapo nyuma nilibadili tairi kutoka 195/65R15 kwenda 205/65R15, fundi akasema hazina madhara.
*Dereva, Ubungo*

JIBU: Hizo kilomita 25 zimo kwenye tairi. Gari halipimi barabara, linahesabu mizunguko ya gurudumu na kuizidisha kwa mzingo wa tairi la kiwandani. Tairi la 195/65R15 lina kipenyo cha milimita 634.5: rimu ya inchi 15 ni 381, ongeza kuta mbili za 126.75. La 205/65R15 ni 647.5. Ni kubwa kwa asilimia 2, hivyo linazunguka mara chache zaidi kwa umbali uleule. 1,155 gawanya kwa 1.02 ni kama 1,132.

Usishangae tu kilomita. Mwendo nao unaosoma sasa uko chini kidogo kuliko ulivyokuwa ukisoma mwanzo: dashibodi ikiandika 80 baada ya kubadili, ni sawa na 81.6 ya zamani. Matumizi ya mafuta yataonekana mabaya kuliko yalivyo, kwa kuwa unagawa kilomita pungufu. Tairi lililoisha kashata, yaani meno yake, linafanya kinyume: likipoteza milimita 6 kila upande, dashibodi inaongeza karibu asilimia 2. Ukitaka upana wa 205 bila kuharibu vipimo, 205/60R15 ina kipenyo cha 627, chini ya cha kiwandani kwa asilimia 1.2 tu.

SWALI: Simu inanipeleka Serengeti
Arusha hadi Mwanza, simu inanipa njia mbili. Moja inapita Babati na Singida, nyingine inapita Serengeti na ni fupi kwa kilomita nyingi. Nichukue ipi?
*Dereva wa Noah, Arusha*

JIBU: Chukua ya Singida, labda kama umekusudia kuona wanyama. Kwa mstari wa anga, kutoka Arusha mjini hadi Mwanza ni kama kilomita 430. Kupitia Babati, Singida na Nzega unakaribia 800, yote lami. Ya Serengeti ni fupi kwa zaidi ya kilomita 200, na kwa macho ya programu ya simu hiyo ni zawadi.

Simu haikwambii kwamba lami inakuacha kwenye geti la Ngorongoro pale Loduare. Kutoka hapo ni changarawe na mawimbi hadi utokee upande wa Ndabaka, karibu na Bunda. Unalipia kuingia Ngorongoro, kisha unalipia Serengeti, kwa kila mtu na kwa gari. Mwendo ndani ya hifadhi hauruhusiwi kuzidi 50. Mageti yanafungwa jioni, na ukichelewa hutembei usiku: unalala ndani na kulipia kulala. Vumbi la pale linaingia kwenye chujio la hewa, na mawimbi yanalegeza boliti za shokapu. Noah yenye sakafu ya chini itagonga mawe kabla hujafika Naabi, geti la kuingilia Serengeti.

Kabla ya kukubali njia fupi, igawe barabara kwa mstari wa anga. Ya Singida ni 800 kwa 430, yaani karibu 1.9. Namba kubwa hivyo ina maana kuna kitu katikati ambacho barabara imekikwepa kwa sababu. Kwenye nchi tambarare, kama Dar hadi Mwanza, unapata 1.35. Ukiona zaidi ya 1.6, tafuta ziwa, mlima, hifadhi au mpaka. Halafu angalia kama hiyo njia fupi ya simu inapita juu yake.

SWALI: Daraja limepunguza kilomita ngapi?
Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, Mwanza hadi Bukoba imepungua kilomita ngapi?
*Mwanafunzi wa chuo, Bukoba*

JIBU: Karibu sifuri. Daraja la J. P. Magufuli, lililofunguliwa 19 Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 na limevuka palepale vilipokuwa vikivuka vivuko. Kilichopungua ni saa za kusubiri. Zamani ratiba ya njia hii haikuweza kuandikwa kwa kilomita, kwani foleni ya kivuko ndiyo iliyoamua ufike lini.

Njia hii ndiyo yenye uwiano wa kuchekesha kuliko zote tulizoulizwa. Angani ni kilomita 175 juu ya maji. Barabarani, kupitia Sengerema, Geita, Chato na Muleba, ni zaidi ya 400, kwa kuwa unazunguka kona nzima ya kusini-magharibi ya ziwa. Programu ya ramani ikiendelea kukuchorea kivuko pale Busisi, isasishe, na hakikisha hukuiwekea chaguo la kukwepa vivuko: ikiamini bado kuna kivuko itakuzungusha bure.

SWALI: Nairobi na Mombasa
Ndege ni 423, SGR 472, barabara 485. Kwa nini reli inaifuata barabara hivyo?
*Msomaji, Mlolongo*

JIBU: Zote mbili zinafuata ukanda uleule wa Voi na Mtito Andei. Ila angalia vituo: treni inaanzia Syokimau na kuishia Miritini, hakuna hata kimoja kilicho katikati ya mji. Ukitoka Westlands kwenda Nyali, ongeza safari mbili za mjini juu ya ile 472. Hizo zinaweza kula saa mbili usipozipangia.

SWALI: Kwenda saa tatu, kurudi saa moja
Jambo, wapendwa. Kinshasa kuja kwetu Lubumbashi tiketi inaonyesha kuondoka 09:00 na kufika 12:20. Kurudi, kuondoka 14:00 na kufika 15:20. Ni upepo? Na je, kuna njia ya gari?
*Msomaji, Lubumbashi*

JIBU: Ni saa za ukutani. Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja, na tiketi huandika saa ya mji husika kila upande. Safari ni saa mbili na dakika 20 kwenda na vilevile kurudi, kwa kilomita kama 1,550. Jambo hilohilo linawapata wanaotoka Dar kwenda Kigali au Bujumbura. Upepo upo, lakini karibu na ikweta hauna nguvu ya kubadili safari kwa saa mbili.

Barabara ipo kwenye ramani: Likasi, Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa, Kikwit, Kinshasa. Ni zaidi ya kilomita 2,000, na vipande virefu ni mchanga na tope. Simu itakugawia kilomita hizo kwa mwendo wa kawaida na kukupa saa kadhaa. Msimu wa mvua lori huhesabu kwa majuma. Reli nayo haifiki Kinshasa: inaishia Ilebo, na kutoka hapo mzigo unashuka kwa mto Kasai.

SWALI: Greenland inatafuta nini njiani?
Narudi nyumbani kila mara kupitia Minneapolis, Amsterdam, Kilimanjaro. Kwenye skrini ya kiti naona ndege inapanda kaskazini hadi karibu na Greenland, ndipo inashuka. Amsterdam iko mashariki. Kwa nini wasinyooshe?
*Msomaji, Minnesota, Marekani*

JIBU: Wamenyoosha. Skrini ndiyo iliyopinda, kwa kuwa imetandaza tufe kwenye bapa. Chukua tufe la darasani, vuta uzi kutoka Minneapolis hadi Amsterdam, ukaze. Utaona uzi wenyewe unapanda hadi kama nyuzi 60 kaskazini, karibu na ncha ya kusini ya Greenland. Njia hiyo ni kilomita 6,685 hivi. Tukitumia ile hesabu ya karatasi bapa tuliyompa mwalimu wa Tabora, pamoja na kosini yake, tunapata kama 7,250. Kosa ambalo kwa Mwanza halikuonekana limekuwa zaidi ya kilomita 560, kwa hiyo mwalimu asiipeleke hesabu ile Atlantiki.

Hata hivyo, ndege haifuati uzi kila siku. Juu kule kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na njia za Atlantiki hupangwa upya mara mbili kwa siku kuufuata au kuukwepa. Ukienda Amsterdam unasukumwa. Ukirudi unapingana nao na safari inarefuka, kilomita zikiwa zilezile.

SWALI: Tiketi ya 00:30
Ndege ya mwanangu ni tarehe 14, saa 00:30. Nimpeleke kiwanjani lini?
*Mzazi, Morogoro*

JIBU: Tarehe 13 usiku, mzazi. Tiketi huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, hivyo 00:30 ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 14. Kwa safari ya nje awe kiwanjani saa 21:30, ambayo kwa saa zetu ni saa tatu na nusu usiku wa tarehe 13. Kutoka Morogoro ni kilomita 190 na foleni ya kuingia Dar jioni, kwa hiyo msiondoke baada ya saa tisa mchana.